Injini ya stroki mbili: kuichanganyia oili, kuisafisha na kuifunga upya bila kuiua

Injini ya stroki mbili haina oili inayokaa chini na kuzungushwa na pampu kama ile ya Boxer au TVS, bodaboda za stroki nne. Oili yake huingia pamoja na petroli, hupita kwenye beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hulainisha ukuta wa silinda, kisha huungua na kutokea kwenye ekzosi. Tone lililokwisha kupita halirudi. Ndiyo maana injini ya stroki nne huweza kuvumilia miezi ya uzembe, ilhali hii hufa ndani ya safari moja, na mara nyingi aliyeiua hajui alichokosea.

Maelezo haya ni ya wenye Yamaha AG100, DT125 na DT175, zile pikipiki walizozoea mabwana shamba na wahudumu wa afya wa vijijini, na wenye Vespa za zamani ambazo Unguja bado zinatembea. Anayefufua Yamaha RD au Suzuki ya miaka ya 1970 naye yumo. Vipimo tunavyotaja ni vya injini ndogo zinazopozwa kwa hewa, za cc 100 hadi 175. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema tofauti, fuata kitabu.

Elimu hii ilitoka kwenye mbio

Stroki mbili ilianza kushinda mapema. Pikipiki za Scott, kazi ya Mwingereza Alfred Scott, zilichukua Senior TT, mbio kubwa za pikipiki za kisiwa cha Man, mwaka 1912 na tena 1913. Hata hivyo kwa muda mrefu baadaye injini hizi zilijulikana zaidi kwa moshi na ulafi wa petroli. Waliogeuza mambo walikuwa kwenye mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani. Kabla ya vita kiwanda cha pale kilikuwa cha DKW, na RT125 yake ilikuja kunakiliwa na BSA ya Uingereza, Harley-Davidson ya Marekani na Yamaha ya Japani: pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilitokana nayo. Baada ya vita kiwanda kilibaki upande wa Mashariki kikaitwa MZ, na tangu 1953 idara yake ya mbio iliongozwa na mhandisi Walter Kaaden.

Kaaden alikusanya vitu vitatu kwenye injini moja: diski inayozunguka ili kufungua na kufunga njia ya kuingizia hewa, njia ya tatu ya kupandishia mchanganyiko ndani ya silinda, na ekzosi yenye tumbo pana katikati. Ilipofika 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu farasi 25, sawa na 200 kwa lita moja, bila kupuliziwa hewa na kifaa chochote. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alikuwa akiongoza ubingwa wa dunia wa cc 125 alipofika Kristianstad, Sweden. Injini ikamfia njiani. Hakurudi kwao, alikimbilia Denmark, akavuka kwenda Ujerumani Magharibi, na majira ya baridi yakamkuta Japani kwenye kiwanda cha Suzuki akiwa na maarifa ya Kaaden kichwani. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 juu ya Suzuki. Yamaha nao wakaja juu: Phil Read alichukua cc 250 mwaka 1964, na Giacomo Agostini akachukua cc 500 mwaka 1975, mara ya kwanza kwa stroki mbili kutwaa daraja hilo. Honda waling'ang'ania stroki nne kwa NR500 yenye pistoni za duaradufu, wakashindwa, wakasalimu amri na kuunda NS500 ya stroki mbili ambayo Freddie Spencer aliipa ubingwa mwaka 1983. Kuanzia 1975 hadi 2001, Valentino Rossi alipochukua ubingwa wa mwisho wa cc 500, hakuna mwaka ambao daraja hilo lilikwenda kwa stroki nne.

Kinachomhusu fundi wa leo ni hiki: umbo la ekzosi ya DT yako na pampu yake ya oili ni vitu vya ukoo huo. Ukivichezea kwa kubahatisha unaharibu hesabu iliyopigwa na watu waliopoteza injini nyingi kuipata.

Oili: ipi na kiasi gani

Tafuta oili ya stroki mbili ya pikipiki, na kwenye kopo angalia daraja la JASO, kipimo cha Kijapani cha ubora wa oili. FB inatosha kwa kazi ya kawaida, FC ina moshi mdogo, FD ni safi zaidi na huacha kaboni kidogo kwenye ekzosi. Ukiipata FC au FD kwa bei usiyoihofia, chukua hiyo.

Pwani kuna mtego wake. Oili ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3, inapatikana kirahisi kwa wavuvi, nayo ni oili ya stroki mbili kweli. Lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji ya bahari, ambayo silinda yake haifiki joto la Vespa iliyopakia watu wawili saa saba mchana. Kwenye injini ya hewa utando wake hukatika mapema. Itumie kufika nyumbani, usiifanye desturi. Oili ya injini ya stroki nne, 20W-50 na ndugu zake, ni mbaya zaidi: viungo vyake vya kusafisha injini vikiungua huacha majivu magumu juu ya pistoni na kwenye ncha ya plagi. Ukikwama kabisa porini, SAE 30 tupu isiyo na namba mbili ina afadhali, kwa kipimo cha 1:25, na kwa mwendo wa pole.

Kipimo cha 1:50 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita 5 zinataka 100, lita 10 zinataka 200. Kipimo cha 1:40 ni mililita 25 kwa lita, 1:33 ni 30, na 1:25 ni 40. Vespa nyingi za zamani zinazochanganyiwa kwenye tanki hutumia 1:50. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, usilitumie kwa kitu kingine chochote. Kupima kwa kifuniko cha chupa au kwa jicho ndiko kunakoleta ugomvi baina ya fundi na mteja.

Changanya kwenye dumu, usichanganye ndani ya tanki. Weka nusu ya petroli, mimina oili yote, tikisa hadi uone rangi imekuwa moja, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Ukimimina oili kwanza kwenye tanki lililo karibu tupu, huteremka moja kwa moja kwenye koki na kuziba jeti, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta. Pikipiki itawaka kwa shida, itatoa moshi mweupe, kisha baada ya muda itakuwa inakunywa petroli tupu.

Wapo wanaoongeza oili "kwa usalama", wakafika 1:20 na zaidi. Faida yake ni ndogo na hasara ni mbili. Plagi inalowa na ekzosi inaziba, hilo linajulikana. La pili halisemwi sana: jeti hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika, kwa hiyo oili ikizidi, petroli inapungua na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Silinda inapata joto zaidi. Mtu aliyeogopa kunoki, yaani pistoni kukwama ndani ya silinda, anajisogeza kwenye kunoki.

Na mafuta ya nyonyo? Ndiyo, madereva wa mbio wa zamani waliyatumia, na harufu yake tamu ilikuwa sehemu ya siku ya mashindano. Yanashika chuma vizuri kwenye joto kali. Lakini huacha gundi kwenye ringi, hayakai vizuri ndani ya petroli, na hayapatani na oili ya madini. Injini za mbio zilikuwa zikifunguliwa kila baada ya mashindano. Yako haifunguliwi.

Pampu ya oili

Yamaha walianza kuuza pikipiki zenye pampu ya Autolube mwaka 1964. Oili inakaa kwenye tanki lake, pampu inazungushwa na injini, na waya kutoka kwenye mkono wa mafuta (ule unaozungushwa kuongeza kasi) huamua kiasi. AG100 na DT zinayo. Ni kifaa imara sana, na pampu nyingi zinazodaiwa kufa huwa zima; kilichoharibika ni mpira wa oili uliopasuka, waya uliolegea au hewa iliyoingia kwenye mrija.

Hewa huingia kila tanki la oili linapokauka au mpira unapochomolewa. Kujaza tu hakutoshi. Fungua kifuniko cha pampu, weka kitambaa chini, legeza skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyo juu ya mwili wa pampu, acha oili itiririke hadi isiwe na kiputo hata kimoja, kisha kaza. Mrija unaotoka kwenye pampu kwenda kabureta nao unaweza kuwa na hewa: washa injini ikiwa na petroli iliyochanganywa 1:50 tankini, vuta waya wa pampu kwa mkono hadi mwisho huku injini inazunguka taratibu, na angalia mrija hadi ujae. Tanki hilo la kwanza la petroli iliyochanganywa ndiyo bima yako. Weka alama kwa kalamu kwenye tanki la oili, tembea kilomita 100, uone kama oili imeshuka. Ikishuka, rudi kwenye petroli tupu.

Halafu rekebisha waya. Kwenye gurudumu la pampu kuna alama, na mkono wa mafuta ukiwa mahali kitabu kinapotaja, alama hiyo lazima ilingane na pini. Kwenye Yamaha nyingi za wakati huo, pengo la chini kabisa la pampu ni milimita 0.20 hadi 0.25, na linapimwa kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mapengo. Likipungua, injini ina njaa ya oili unapotembea polepole. Likizidi, moshi hauishi.

Wanaoing'oa pampu na kuchanganya tankini hawajakosea, mradi tundu liliposimama pampu limezibwa vizuri, mdomo wa oili kwenye kabureta umezibwa pia, na kila anayeazima pikipiki anajua. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Mteremko

Ukishuka mlima Kitonga au ukitoka Lushoto kwenda Mombo huku umefunga mafuta na gia inashika, injini inazunguka kwa kasi na petroli inayoingia ni kidogo mno. Kama oili iko ndani ya petroli, nayo haiingii. Kila baada ya sekunde chache shika klachi, vuta mafuta kidogo, achia. Kwenye pikipiki ya pampu hatari ni ndogo, kwa kuwa pampu huzunguka na injini, lakini kiasi chake cha chini ni kidogo kweli, hivyo tabia hiyo haina hasara. Breki zitumike kama breki.

Nyanda za juu zina jambo lingine. Hewa ya Iringa au Njombe ni nyepesi, na fundi wa huko anaweza kuwa ameweka jeti ndogo ili pikipiki isinywe sana. Ukiishusha hadi Tanga na jeti hiyohiyo, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo) na injini inachemka. Kabla ya kushuka pwani rudisha jeti ya kiwanda. Kinyume chake, pikipiki ya pwani ikipandishwa mlimani, haiui mtu: inakohoa, inachafua plagi, basi.

Hewa ya wizi

Ukiondoa kukosa oili, hiki ndicho kinachoua stroki mbili nyingi zaidi, na hakionekani kwa macho. Hewa ikiingia mahali popote baada ya kabureta, mchanganyiko unapungukiwa petroli na oili kwa pamoja. Dalili ya kwanza: unafunga mafuta lakini injini inaendelea kuvuma juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka. Dalili ya pili: pikipiki inakwenda vizuri kuliko kawaida, ina nguvu, kali. Wengi hufurahi hapo, siku mbili kabla ya kununua pistoni.

Kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda kwa kuupinda. Nyufa hujificha upande wa chini. Kagua gasketi ya chini ya bloku. Injini ikiwa inazunguka taratibu, pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye kila kiungo, mahali pamoja kwa wakati. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Usitumie petroli kwa kazi hii kando ya silinda ya moto.

Sili za krenki ndizo huchelewa kushukiwa. Stroki mbili hukandamiza mchanganyiko ndani ya chumba cha krenki, kwa hiyo sili mbovu ni tundu la kweli. Sili ya upande wa sumaku (gurudumu la kuzalisha umeme) ikichoka, inavuta hewa kavu: injini inachemka. Sili ya upande wa klachi ikichoka, inavuta oili ya giaboksi: moshi mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, plagi inalowa, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Sili ya sumaku unaweza kuibadilisha bila kupasua injini, ukiwa na kifaa cha kung'olea sumaku. Usiigonge sumaku kwa nyundo. Ncha ya krenki inapinda.

Chujio la hewa ni ndugu wa jambo hili. Ioshe sponji kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ikauke, ilowanishe kwa oili na uikamue isidondoke. Kutembea bila chujio kunaleta vumbi na pia kunakausha mchanganyiko, kwa sababu jeti ilichaguliwa chujio likiwepo. Kwa Vespa ongeza kitu kimoja: lile ganda la bati linalofunika silinda na hedi (kifuniko cha juu ya silinda) hulazimisha upepo wa feni upite kwenye mapezi. Zipo Vespa zinazotembea bila ganda hilo kwa sababu skrubu zilipotea. Feni inapuliza barabarani, silinda inaungua.

Plagi

Pengo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Namba za NGK zikipanda, plagi ni ya baridi zaidi. Za Bosch na Champion zinakwenda kinyume, na makosa mengi hutokea mtu anapobadili chapa. Plagi ya moto kupita kiasi hukaa safi mjini, kisha kwenye barabara kuu na mzigo inakuwa nyekundu na kuwasha petroli kabla ya wakati. Matokeo yake ni tundu katikati ya pistoni.

Kuisoma plagi, tembea kilomita kadhaa kwa mwendo wa kazi, kisha zima injini na kushika klachi kwa wakati mmoja, egesha, fungua. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe yenye vichembe vinavyong'aa ni joto la hatari, na vichembe hivyo ni alumini ya pistoni yako. Nyeusi iliyolowa ni oili nyingi, jeti kubwa, chujio lililoziba au sili ya klachi.

Ekzosi

Gesi ikitoka kwenye silinda hutuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Linapofika sehemu inayopanuka, wimbi la kuvuta hurudi na kusaidia kusafisha silinda, hata kuvuta mchanganyiko mpya kidogo ukaingia kwenye bomba. Linapofika sehemu inayofinya, wimbi la kusukuma hurudi na kuurudisha mchanganyiko huo ndani kabla pistoni haijafunga tundu. Hapo ndipo Kaaden alipopata sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo anayetoboa ekzosi au kuifupisha ili ipige kelele anaitupa petroli yake hewani na kupoteza nguvu. Ekzosi iliyopondwa na jiwe kwenye tumbo lake nayo ina kasoro hiyohiyo, kwa kiasi kidogo.

Kuziba ni kawaida. Pikipiki ya mwendo mdogo wa mjini ichunguzwe kila kilomita 3,000 hadi 5,000. Dalili: nguvu inapotea juu, kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa nyuma, na injini inachemka. Mwishoni mwa ekzosi kuna bomba dogo lenye matundu, limeshikwa na boliti moja. Litoe, lichome kwenye jiko la mkaa nje ya nyumba hadi kaboni igeuke majivu, ligonge, lisugue kwa brashi ya waya. Magadi makali pia hufanya kazi kwa chuma tupu, lakini vaa glavu na miwani, na yasiguse alumini kabisa.

Kisha toa shingo ya ekzosi na utazame tundu la silinda. Kaboni ya hapo ikwanguliwe kwa kipande cha mti mgumu au alumini laini. Bisibisi huacha mkwaruzo kwenye pistoni. Kama hujatoa bloku, zungusha krenki polepole hadi tundu la ekzosi limefunguka kidogo lakini njia za kupandishia bado zimefungwa na pistoni, ili uchafu usianguke kwenye krenki. Futa, na ubadilishe gasketi ya shingo.

Kufungua na kufunga juu

Kompresheni ikipimwa huku mafuta yamevutwa mpaka mwisho na kiki ikipigwa mara kadhaa, injini nzima ya aina hii huwa kwenye psi 120 hadi 150. Ikiwa chini ya 90 na inawaka kwa shida, ni wakati wa kuifungua.

Osha injini nje kwanza. Legeza nati za hedi kwa mshazari, robo zamu kila moja, hedi isipinde. Bloku ikianza kutoka, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa chumba cha krenki kabla hujagusa klipu za pini. Klipu ikianguka humo utapasua injini nzima. Shika fimbo ya pistoni uivute juu na chini: kama kuna mchezo wa kupanda na kushuka, beringi ya chini imekwisha, na pistoni mpya haitakuokoa. Mchezo mdogo wa kwenda pembeni ni halali.

Weka ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, pima pengo la ncha zake. Jipya huwa kati ya milimita 0.2 na 0.4, likizidi 0.7 badilisha. Kama silinda ina mikwaruzo inayoshika ukucha, inachongwa kwenda saizi inayofuata: 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Peleka pistoni mpya kwa mchongaji, achonge kwa kuipima hiyo hiyo. Nafasi kati ya pistoni na silinda kwa injini hizi ni milimita 0.04 hadi 0.06. Wachongaji waliozoea bodaboda za stroki nne hufanya makosa mawili hapa. La kwanza ni kubana mno. La pili ni kusahau kulainisha kingo za matundu. Silinda ya stroki mbili ina madirisha ukutani, na kisu cha kuchongea huziacha kingo zake zikiwa kali. Ringi ikipita huchomoza kidogo, ikakwama, ikavunjika. Kila ukingo, juu na chini, upigwe tupa ndogo au msasa hadi ubaki mteremko wa nusu milimita hivi. Usipokee bloku kabla hujapitisha kidole.

Kwenye mfereji wa ringi kuna pini ndogo. Ringi za stroki mbili hazizunguki. Ncha zake lazima zikumbatie pini hiyo. Ukilazimisha bloku iingie huku ncha zimepanda juu ya pini, utavunja ringi na silinda pamoja. Mshale juu ya pistoni uelekee kwenye ekzosi. Klipu za pini ziwe mpya kila mara, na mdomo wake uangalie juu au chini, usilingane na pengo la kuchomolea. Paka oili ya stroki mbili kwenye beringi ya pini, pistoni na silinda. Nati za milimita 8 za hedi zikazwe kwa mshazari kwa hatua mbili au tatu hadi Nm 20 na kitu.

Kilomita 500 za kwanza usivute zaidi ya nusu ya mafuta, usipakie, na usibaki kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Pikipiki ya kuchanganya itumie 1:33. Ya pampu iwekewe 1:50 kwenye tanki la kwanza juu ya kazi ya pampu. Iache ipate moto na ipoe kabisa mara kadhaa siku ya kwanza.

Ikinoki njiani

Madereva wa mbio za stroki mbili walizoea kuendesha vidole viwili vikiwa juu ya klachi. Kabla ya kukwama injini hutoa mlio mkavu wa chuma, nguvu inashuka kama breki imeshikwa. Vuta klachi papo hapo, usisubiri kuhakikisha. Gurudumu la nyuma likifunga kwenye kona utaanguka. Egesha kivulini, usimwage maji, subiri nusu saa. Ukikanyaga kiki ikashuka bila kukwaruza, unaweza kurudi pole pole, lakini ifungue kabla ya safari nyingine.

Pistoni itakuambia sababu. Mikwaruzo kwenye pembe nne ni nafasi ndogo au kuivuta injini kabla haijapata moto. Mikwaruzo kuzunguka kote, mikavu na yenye rangi ya kijivu, ni oili. Upande wa ekzosi peke yake ni joto: hewa ya wizi, jeti ndogo, ekzosi iliyoziba. Upande wa kuingizia ukiwa umesagika laini, chujio liliruhusu vumbi. Tundu juu, angalia plagi na muda wa moto. Pointi (swichi ya kukata umeme ili plagi itoe cheche) zikiwepo, pengo lake liwe milimita 0.3 hadi 0.4, kwa maana pengo likibadilika na muda wa moto unabadilika. Usifunge pistoni nyingine hadi umeipata sababu yenyewe, hata kama mteja amesimama mlangoni.